Fizikia ya Mteremko: Mafunzo Niliyopata Kimisagara

Ukitoka stendi ya mabasi ya Nyabugogo, jijini Kigali, na kuanza kupanda kuelekea Mlima Kigali, tayari umeingia Kimisagara. Nyumba zimebanana kilimani, bati juu ya bati, ngazi zinapenya katikati yake, na chini mfereji wa Mpazi unateremsha maji ya mvua hadi bondeni. Hapo ndipo ninapoishi, na hapo ndipo Jumamosi mchana huwa nawakusanya watoto wa mtaa, pamoja na wakubwa wanaopenda, tukafanya fizikia. Maabara hatuna. Tuna ua wa saruji, chumba kimoja cha bati, meza, na vitu ambavyo watu wameacha kuvitumia.

Nawaandikia walimu, wazazi na vijana wanaotaka kuanzisha kitu kama hiki mtaani kwao. Ninaloliamini kwa moyo wote ni hili: mtoto akipewa nafasi ya kubashiri kabla ya kuambiwa, fizikia inakuwa mali yake. Mengi ya yanayofuata yamechipuka hapo.

1. Abashiri kwanza, aone baadaye

Chumba tunachotumia kina bati kuukuu lenye matundu ya misumari iliyong'olewa. Jua likiwa kali na mlango ukifungwa, sakafu inajaa madoa ya mwanga. Watoto wameyaona madoa hayo majumbani mwao tangu wapate akili, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini yana umbo la duara ilhali matundu yenyewe yamechanika ovyo.

Kabla sijasema lolote, tunatoka uani. Nakata tundu la pembetatu, dogo kuliko ukucha, kwenye kipande cha kadibodi. Nauliza: nikiishika kadi hii juani, katikati ya kivuli chake tutaona mwanga wa umbo gani? Anayesema pembetatu asimame kulia, anayesema duara asimame kushoto, na hakuna anayeruhusiwa kubaki katikati. Karibu wote huenda kulia. Naishusha kadi hadi karibu na saruji, na pale chini panatokea pembetatu safi kabisa. Upande wa kulia wanashangilia. Kisha naanza kuiinua taratibu. Ikifika kimo cha goti, pembe zinaanza kulegea. Ikifika kifuani, hazionekani vizuri. Nikipanda kwenye kiti na kunyoosha mkono, pembetatu imekwisha, na sakafuni limebaki duara. Hapo ua mzima hulipuka kwa kelele, na wale wachache wa kushoto wanabebwa juu juu.

Duara hilo ni picha ya jua lenyewe. Kila doa katika chumba chetu ni picha ya jua, na upana wake ni urefu kutoka kwenye tundu ukigawanywa kwa 108 hivi. Bati likiwa mita mbili na nusu juu ya sakafu, doa lina upana wa sentimita 2.3. Watoto wa darasa la sita wanaweza kupima hayo kwa rula. Ukishawaambia kwamba jua liko umbali wa kilomita milioni 150, wanagawanya kwa 108 ileile na kupata upana wa jua: kilomita milioni moja na laki nne, au pungufu kidogo. Wamelipima jua wakiwa wamepiga magoti kwenye saruji.

Kisha tunachora mzingo wa doa kwa chaki na kungoja. Baada ya dakika mbili, doa limetoka lote nje ya mzingo. Mwendo huo ni wa Dunia, ambayo inatubeba sisi, Kimisagara na Mlima Kigali wote. Nimewaona watu wazima wakirudia kuchora mara tatu nne wasiamini. Na waliokuwepo asubuhi ya tarehe 1 Septemba 2016, siku watu walipofurika Rujewa kule Mbarali, Tanzania, kutazama jua likigeuka pete, wana sababu zaidi ya kulipenda jambo hili. Huku Kigali jua lilimegwa upande tu, na siku kama hiyo kila doa chini ya bati na kila doa chini ya mti huwa hilali. Ndiyo njia salama ya kutazama kupatwa kwa jua, kwa kulipa jua mgongo. Jua lenyewe halitazamwi kwa macho matupu hata mara moja, na hilo nalirudia kila tunapokutana.

2. Anza na kitu ambacho mgongo wa mtoto unakijua

Hakuna mtoto wa Kimisagara asiyeijua jerikani ya lita 20. Bomba la maji liko chini, nyumba iko juu. Nilipokuwa nafundisha dhana ya nishati kwa mifano ya vitabuni, macho yao yalikuwa mlangoni. Nilipoweka jerikani mezani, walisogea.

Tulianza kwa kupima mteremko: hesabu ngazi, zidisha kwa kimo cha ngazi moja. Chukua nyumba iliyo mita 50 juu ya bomba. Maji yana uzito wa kilo 20. Ili kuyapandisha, unazidisha 20 kwa 10, kisha kwa 50, unapata juli 10,000. Sasa nawasha balbu ya wati 5, ndogo kabisa, ya kuchaji kwa jua. Balbu hii inakula juli 5 kila sekunde. Je, jerikani yako ingeiwasha kwa muda gani? Wabashiri. Wengine husema wiki nzima, maana wanalikumbuka jasho. Jibu ni sekunde 2,000, nusu saa na dakika chache juu.

Kimya huwa kirefu hapo. Kisha hasira: jasho lote lile kwa nusu saa ya taa? Siku moja msichana wa miaka kama kumi na moja alisimama akasema, "Mwalimu, umesahau mwili wangu. Na mimi nilipanda." Alikuwa sahihi. Mguu haupandishi maji peke yake, unampandisha na mbebaji, na misuli inapoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto, ndilo jasho lenyewe. Tukaongeza kilo zake kwenye hesabu, yeye mwenyewe akiandika.

Halafu nageuza swali. Maji haya haya tukiyachemsha je? Lita moja inahitaji juli 4,200 ili joto lake lipande nyuzi moja. Kuzipandisha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunataka juli milioni 6.3. Hiyo ni sawa na kuibeba jerikani ileile kutoka bombani hadi nyumbani mara 630. Mama aliyekuwa amekaa mlangoni akimsubiri mwanawe alisema kwa sauti, "Ndiyo maana mkaa unaisha!" Tangu hapo niliacha kutafuta mifano mbali. Nishati wanaijua. Walichokosa ni tarakimu zake.

3. Swali likichekwa, mwenye swali amepotea

Kila kundi jipya linapoanza nawasimulia habari za Erasto Mpemba, na huwa sizifupishi.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mpemba akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipohamia Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na swali lake likageuzwa utani wa darasa. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kama kilivyoitwa wakati ule. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima akauliza lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akaahidi kulijaribu chuoni, na akalijaribu. Mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa katika jarida la Physics Education, na dunia nzima jambo hilo sasa linaitwa kwa jina la kijana wa Kitanzania.

Wanasayansi bado wanabishana kuhusu lini hasa maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, na wengine wana shaka kama jambo lenyewe lipo kwa namna inayoelezwa. Kwangu ubishi huo ni zawadi. Ni jaribio ambalo mtu mzima chumbani hajui jibu lake, na watoto wanalihisi hilo mara moja. Tulimwomba mwenye duka jirani nafasi ndani ya friji yake, tukaweka vikombe viwili. Jibu la leo halikufanana na la wiki iliyofuata. Wakaanza kuulizana wenyewe: vikombe vilifanana? Maji yalikuwa kiasi kimoja? Kikombe kipi kilikuwa karibu na ukuta wa friji? Nani aliufungua mlango kutoa soda? Wanasayansi waliokomaa wanajiuliza hayo hayo, na hapa waliyauliza watoto wenye magoti yenye vumbi. Wakati huohuo mmoja alipitisha mkono nyuma ya friji akakuta joto, na hilo likatupatia mada nyingine, ya gesi zinazobeba joto kutoka ndani kulitupa nje. Nikawaambia kwamba Oktoba 2016 mataifa yalikutana mji huu huu wa Kigali kukubaliana kupunguza gesi za aina hiyo zinazoipasha Dunia joto, na makubaliano yao yana jina la Kigali.

Desturi yetu sasa ni kwamba swali likiulizwa linaandikwa ukutani kwa chaki, na jina la aliyeuliza chini yake. Halifutwi mpaka limejaribiwa. Anayecheka swali la mwenzake ndiye anayepewa kazi ya kutafuta vifaa vya kulijaribu.

4. Mafundi wa mtaa ni walimu wenzako

Bonde la Nyabugogo limejaa watu wanaoishi kwa fizikia: mafundi baiskeli, wachomeleaji, mafundi redio, vijana wa kuziba pancha. Wengi wao waliacha shule mapema na hawaamini kama wana la kufundisha. Wana mengi sana.

Niliyemwomba kwanza alikuwa fundi wa spika. Alikuja na spika mbovu, bisibisi na betri moja ya voti 1.5. Akaing'oa karatasi ya mbele ili watoto waone: koili ya waya mwembamba kama unywele imezungushwa kwenye bomba la karatasi, nalo limeingia katikati ya sumaku nene. Akachukua spika nyingine nzima, akagusisha nyaya zake kwenye betri. Tap! Karatasi ikaruka mbele. Akageuza nyaya. Tap! Ikarudi nyuma. Hakueleza chochote, akawa anagusa na kuachia, anagusa na kuachia, haraka zaidi na zaidi, mpaka milio ikaungana ikawa mngurumo. Watoto walielewa sauti ni nini kabla mtu hajafungua mdomo.

Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi sikulitarajia kutoka kwake. Aliunganisha spika mbili kwa nyaya ndefu, bila betri, bila umeme wowote. Moja ikabaki uani, nyingine ikapelekwa chumbani mlango ukafungwa. "Sema kitu," akamwambia mvulana wa uani. Yule aliyekuwa chumbani ameweka sikio akasikia jina lake likiitwa, kwa sauti hafifu kama ya nzi ndani ya kopo, lakini jina lake hasa. Sauti ilitikisa karatasi, karatasi ikatikisa koili ndani ya sumaku, koili ikazaa mkondo wa umeme, na kule mwisho safari nzima ikarudi kinyume. Simu za mwanzo za Alexander Graham Bell zilifanya kazi kwa njia hiyo. Nimesoma umeme na sumaku miaka mingi, na kweli ninakiri kuwa sijawahi kuona somo hilo likifundishwa vizuri zaidi ya alivyolifundisha fundi yule kwa dakika ishirini.

Tangu siku hiyo anajulikana mtaani kama mwalimu wa sauti, na watoto wanamwamkia kwa heshima ile ile wanayomwamkia mwalimu wa shule. Ukitaka fizikia ikae mtaani baada ya wewe kuondoka, iweke kwa watu ambao hawataondoka.

5. Mkubwa huvutwa na kinachopikwa

Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na kazi ikiisha watu husalia kwa kikao. Huo ndio mkusanyiko mkubwa wa watu wazima tulio nao, nami niliomba dakika chache nikaja na sufuria, jiko la mkaa na kipimajoto.

Niliuliza wanafunzi wa sekondari waliokuwepo: maji yatachemka kwenye nyuzi ngapi? Wote kwa pamoja: mia! Maji yakachemka, mapovu yakajaa, kipimajoto kikasimama kwenye 95. Tukangoja. Hakikusogea. Wakasema kipimajoto ni kibovu, tukatia kingine, na chenyewe kikagoma pale pale.

Kimisagara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ile iliyo juu ya mtu wa pwani, inakandamiza maji kwa nguvu ndogo, kwa hiyo maji yanapata njia ya kuwa mvuke mapema. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Mama mmoja aliyewahi kuishi Dar es Salaam akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi ndiyo sababu maharagwe ya huku yana roho ngumu. Kule nilikuwa naweka, nafua nguo, yameiva." Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Maharagwe ni yale yale, maji ndiyo hayafikii joto la kule."

Lililowagusa zaidi lilikuwa la pili. Nilichochea moto mpaka sufuria ikawa inaruka, na nikamwita mzee mmoja asome kipimajoto. 95. Nikapunguza makaa mpaka mapovu yakawa machache. 95. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuongezi joto hata kidogo, kunaongeza mvuke tu unaopotea hewani. Maharagwe yanaiva kwa muda ule ule juu ya moto mdogo, mradi maji yanaendelea kuchemka. Wiki ile watu wasiowahi kukanyaga ua wetu walinisimamisha njiani kuniambia gunia lao la mkaa linakwenda taratibu. Mtu akiona sayansi imemwekea faranga mfukoni, haulizi tena mwanawe anakwenda kupoteza muda gani Jumamosi.

6. Usiikimbie hofu

Niliwahi kuwaambia watoto waandike kwenye karatasi, bila majina, kitu wanachotaka kukielewa kuliko vyote. Radi iliongoza, na sikushangaa. Nchi yetu na milima ya Kivu upande wa pili wa mpaka ziko katika eneo lenye radi nyingi mno duniani. Machi 2018 radi iliua waumini wasiopungua 15 kanisani kule Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Watoto wanajua majina ya waliopigwa vijijini kwa bibi zao. Kuifundisha radi kwa mchoro wa mawingu na alama za jumlisha na kutoa, ukaishia hapo, ni kuwaacha na hofu yao.

Kwa hiyo tunaanza na cheche ndogo. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, blanketi la nailoni likivuliwa gizani linatoa vicheche vinavyolia. Jaribu jambo hilo Aprili na hutaona kitu, kwa sababu unyevu wa hewa unaiba umeme tuli kabla haujajikusanya. Mwalimu wa mtaani lazima aijue kalenda ya mvua. Baada ya cheche tunazungumza juu ya cheche kubwa, na kisha tunahesabu. Mwanga unafika papo hapo, sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde tatu. Ukiona mmweko, anza kuhesabu. Gawanya kwa tatu, umejua iko kilomita ngapi. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, uko ndani ya eneo la hatari: ingia ndani ya nyumba, achana na mti, acha mpira uwanjani, usiguse bomba wala waya, na ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Tulikuzwa tukiambiwa tufunike vioo na tuvue nguo nyekundu. Sikuwakejeli waliosema hivyo, maana walioyasema walikuwa wanatafuta cha kufanya mbele ya kitu kinachoua. Nilimuuliza tu kila mmoja radi ingejuaje rangi, na tukalijadili kwa utulivu. Baada ya mvua kubwa iliyofuata, watoto walikuja wakinitajia kilomita. Hofu haikuisha, lakini sasa walikuwa na kipimo mkononi.

7. Vifaa viwe vya hapa

Vitabu vingi vya majaribio ya watoto vinaagiza mfuko wa plastiki kwa ajili ya parachuti. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008. Tunatumia karatasi na uzi, na watoto wanapenda kujua kwamba ndege zisizo na rubani za Zipline, zilizoanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga Oktoba 2016, nazo huangusha maboksi yao kwa parachuti za karatasi. Tunaangusha yai kutoka ngazi za juu. Mayai ni ghali, kwa hiyo kila kundi linapewa moja tu, na uangalifu wanaoupata kwa sababu hiyo ni somo tosha.

8. Chupa ya soda na ziwa

Chukua chupa ya Fanta, usiifungue, itazame: haina povu. Legeza kifuniko, gesi inajitokeza kila mahali kwa pamoja. Gesi ilikuwa humo muda wote, imezuiwa na mgandamizo. Ziwa Kivu, lenye kina cha karibu mita 480, limebeba katika maji yake ya chini takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani kwa namna hiyohiyo. Kule Karongi mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, huteremsha bomba kwenye maji ya kina. Maji yakipanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea na kuyavuta mengine juu, methani inatenganishwa na kuchomwa kupata umeme. Sehemu ya mwanga wa balbu zetu inatoka huko. Watoto waliozaliwa Rubavu au Goma husimama wima nikifika hapa, kwani ni ziwa lao. Pia nawaambia ukweli wa upande wa pili, kwamba mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitema gesi yake usiku na kuua watu zaidi ya 1,700, na kwamba kuipunguza gesi ya Kivu kwa utaratibu ni kazi ya usalama pia.

9. Angalia nani ameshika waya

Kila mara, bila kupanga, wavulana wakubwa hujikuta mbele na betri mikononi, wasichana na wadogo wakiwa nyuma wakiandika. Sasa vifaa vinagawiwa kuanzia nyuma. Ni jambo dogo na halihitaji hotuba.

Jambo jingine ni majina. Shuleni watoto hawa wanasoma fizikia kwa Kiingereza, nyumbani wanasema Kinyarwanda au Kiswahili. Uani kwetu kila mtu anaeleza kwa lugha iliyo karibu na ulimi wake, na jina la kitaalamu linakuja mwisho kabisa, baada ya jambo lenyewe kushikwa mkononi. Mwanafunzi wa chuo akitutembelea namwomba afuate utaratibu huo. Tuna bahati kwamba tangu 2018 Kigali ina taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi kwa Afrika Mashariki, EAIFR, katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda hapa Nyarugenge, tawi la kituo alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam kule Trieste mwaka 1964. Nataka mtoto wa Kimisagara ajue kwamba watu wanaofanya kazi hiyo wapo katika wilaya yake, na kwamba njia ya kwenda huko anaweza kuitembea kwa miguu.

10. Weka miadi na jua

Mkusanyiko wetu mkubwa kuliko yote unatangazwa na anga lenyewe. Kigali iko karibu nyuzi mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, takriban tarehe 15 Machi na 28 Septemba, jua la mchana linapita utosini kabisa. Fimbo iliyosimama wima inapoteza kivuli chake. Chupa kivuli chake kinaingia chini ya kitako. Na kwa kuwa mji wetu uko karibu kabisa na mstari wa nyuzi 30 mashariki, ambao ndio unaoongoza saa zetu, jambo hilo hutokea saa sita mchana kama saa inavyosema, kwa tofauti isiyozidi dakika kumi hivi. Nairobi wanasubiri hadi karibu saa sita na nusu.

Mwendesha pikipiki husimama, muuza maembe husimama, mzee anayejua kusoma na asiyejua wanasimama pamoja kuzunguka fimbo moja. Tunakuwa tumewauliza kwanza: kivuli kitakwenda wapi? Wengi hawajawahi kufikiria kwamba kinaweza kutokuwepo.

Ukitaka kufanya hivyo kwako, tarehe ni takriban hizi: Goma 16 Machi na 27 Septemba, Bujumbura 11 Machi na 1 Oktoba, Kampala 21 Machi na 22 Septemba, Nairobi 17 Machi na 26 Septemba, Mombasa 10 Machi na 3 Oktoba, Dar es Salaam 3 Machi na 10 Oktoba. Walioko Muscat wako kaskazini kidogo, kwa hiyo hawapati utosi kamili, ila tarehe 21 Juni wanakaribia sana. Tumia fimbo iliyonyooka, isimamishe wima kwa kuilinganisha na uzi wenye jiwe, anza kuchora ncha ya kivuli kwa chaki nusu saa kabla, na usitegemee saa ya mkononi: ngoja kivuli kiwe kifupi kuliko alama zote. Waambie watu wa mtaa siku tatu mapema, na chagua sehemu ambayo watu hupita kwa wingi mchana.